Nilikwenda Kuomba Moto na Kibiriti Ninacho

Jamani, leo nimeumbuka kwa sababu ya kibiriti!

Tangu nikinunue dukani kwa Mhindi, napika upesi ajabu. Zamani ilibidi niende na kigae kwa Bibi Mwanaidi, jirani yangu, kuomba kaa la moto. Salamu peke yake zilimaliza asubuhi.

Sasa nawasha, napika, nakula.

Halafu? Mume wangu yuko mbali, anajenga reli ya Wajerumani. Nabaki natazamana na chungu.

Basi leo nikachukua kigae changu. Msinicheke.

"Shikamoo, Bibi. Moto wangu umezimika."

"Marahaba, mwanangu. Pita jikoni."

Kuinama tu, kibiriti kikadondoka kutoka kwenye pindo la kanga, mbele ya miguu yake!

Nyie uso mngeuweka wapi?

Bibi akakiokota, akanirudishia. Kisha akachomoa chake kutoka kwenye makuti ya paa. Hakijafunguliwa hata kidogo.

"Mwanangu wa kumzaa aliniletea. Lakini moto wangu siuzimi. Mtu akija kuomba, aukute."

Nimekaa kwake mpaka maharage yake yakaiva.

Yangu sijayabandika mpaka sasa.