Siku Nilipoketi Kwenye Birika la Ng'ombe

Mimi ni mtu asiyetaka kutawaliwa, wala kumtawala mwingine. Hilo la pili halijawahi kunipa shida, kwa sababu hakuna aliyewahi kunitii, kuanzia paka wetu. Kwa miaka mingi nimeandika vijitabu vyembamba kuhusu amani na uhuru, nikavipeleka mwenyewe kwenye maduka ya vitabu mjini Nakuru, na baada ya muda nikaenda mwenyewe kuvichukua. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Jioni yeye husahihisha madaftari ya watoto upande mmoja wa meza, na mimi upande wa pili naandika kwamba serikali haina faida.

Sikuzaliwa na mawazo hayo. Nilikuwa kijana wakati wa zile fujo za baada ya uchaguzi. Jirani aliyezoea kutuazima toroli alikuja langoni na kundi la watu, akamwambia baba, bila kumtazama usoni, kwamba tuondoke kabla ya giza. Tuliondoka na magodoro. Kwa muda mrefu nilijiuliza jirani yule alikuwa anapata nini. Yeye hakugombea kiti chochote. Wakubwa waligombania kiti, na sisi tusiowahi hata kukiona tukachomeana nyumba. Nikaamua kwamba ubaya uko kwenye kiti chenyewe. Katika hilo sijabadilika mpaka leo, ingawa mambo yaliyonipata kijijini Kariandusi yalinitikisa kidogo.

Ilikuwa kiangazi. Mwalimu mmoja wa huko, ambaye nadhani ndiye msomaji wangu wa pekee asiye wa ukoo, alinipigia simu. Wafugaji na wakulima wa mboga walikuwa wakigombania bomba moja la maji. Mifugo ilikuwa imeingizwa kwenye kabichi, bomba likakatwa na kuungwa tena, na kijana mmoja alikuwa ameshonwa kichwani baada ya kupigwa rungu.

"Kuja uongee na wao," alisema. "Wewe unaelewa mambo ya amani."

Nilikubali kwa sharti moja: chifu asihudhurie. Watu huru wanaweza kupatana bila mtu wa kuwasimamia.

Mwalimu akasema, "Lakini chifu ndiye mwenye viti na tenti."

"Tutakaa chini," nilimjibu.

Tulikaa chini, juani, kwenye lile vumbi jeupe linalotoka kwenye machimbo ya karibu. Wakulima walikaa upande mmoja wa birika la saruji la kunyweshea mifugo, wafugaji upande wa pili. Kwa kuwa hapakuwa na mkubwa, hakuna aliyejua nani afungue mkutano, kwa hiyo nikaufungua mimi. Nilieleza chanzo cha mamlaka. Nilieleza tofauti ya makubaliano na amri. Mama mmoja alijifunika uso kwa leso, nikadhani analia. Alikuwa amelala.

Mkulima mmoja akanikatiza. "Sasa boss, hii maji tunafungua siku gani?"

"Hapo ndipo ninaelekea," nilisema. Haikuwa kweli. Nilikuwa bado mbali sana.

Mfugaji mmoja akadakia kwamba maji ni ya ng'ombe kwanza. Mkulima akamwita mwizi. Watu wakasimama wote kwa pamoja, na nikaona panga likitolewa kwenye gunia. Niliogopa. Lakini nilikuwa nimeandika, tena katika vijitabu viwili, kwamba mpenda amani hukaa katikati ya wanaopigana bila kuinua mkono. Basi nikapanda ukingo wa birika, nikaketi, nikafumba macho.

Nilijiona mtu mkubwa sana. Nilikuwa hata nimeanza kupanga jinsi nitakavyoiandika habari ile, niliposikia sauti ya upole ikiniambia, "Mzee, toka hapo. Ng'ombe zinakuja."

Sikutoka. Nilidhani ni vitisho.

Ng'ombe walikuwa hawajanywa tangu jana yake. Wa kwanza alinisukuma kwa kichwa, bila chuki, kama mtu anayefungua mlango. Nilianguka ndani ya birika, na nilipojaribu kutoka, mwingine akanikanyaga mguu. Nilipiga kelele ambayo haikuwa ya amani hata kidogo.

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikaenea pande zote mbili. Yule mwenye panga alilitupa chini ili anishike kwapa, na mfugaji aliyeitwa mwizi akanishika kwapa la pili. Wakanilaza kivulini. Waliendelea kucheka, halafu wakaanza kuongea, na nyuma yangu nikasikia mtu akisema asubuhi ni ya mifugo, mwingine akisema basi jioni bomba lifunguliwe mashambani. Mama aliyekuwa amelala alitaka ijulikane nani atashika ufunguo wa bomba. Wakachagua mwenyekiti, naibu wake na mweka hazina. Nikiwa nimelala pale na mguu umevimba, nilishuhudia serikali ikizaliwa.

Gari lililopatikana la kunipeleka hospitali ya serikali lilikuwa la chifu. Aliendesha mwenyewe, polepole, akikwepa mashimo kwa ajili yangu.

"Nimesikia ulikataa nisikuje," alisema baadaye.

"Si wewe kama mtu, chifu. Ni cheo."

Alikwepa shimo jingine. "Ni sawa. Hata hii gari ni ya cheo."

Mfupa mmoja ulikuwa umevunjika. Nilipofika nyumbani na plasta, mke wangu hakucheka mpaka nilipomaliza kusimulia, na hilo nalihesabu kuwa ndoa njema. Niliandika makala ndefu kuhusu nguvu ya kuketi katikati. Alipoisoma aliniuliza, "Na ng'ombe je?" Nikaiandika upya.

Mvua ziliponyesha nilirudi Kariandusi. Kijana aliyeshonwa kichwa alikuwa akivuna kabichi, na mfugaji mmoja alikuwa amekuja kununua majani ya kulisha ndama. Walinisogezea gunia nikae. Kwa muda mrefu waliongea wakimlalamikia mwenyekiti wao, kwamba anajiona bosi na anachelewa kufungua maji. Waliafikiana katika kila neno. Nilikaa nikiwasikiliza, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa.