Mchoraji Atarejea Jumatatu

Jumatatu ya tarehe 3 Juni 2019, katuni ya Mlinzi wa Ghala haikupata sura mpya. Hilo halina ubishi. Ukurasa wenyewe unaonyesha hivyo mpaka leo. Mengine yametokana na kumbukumbu za mwanamke aliyeandika lebo yake, ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi, ingawa hakuwa na udugu na yeyote pale.

Tovuti yao ilichapisha katuni za kusomwa kwenye simu, na juu ya kila katuni palikuwa na lebo ya kumwambia msomaji hadithi imefikia wapi. Kabla ya Shangazi, mafundi wa kompyuta waliandika "Hai", "Imelala" na "Imekufa", hadi msomaji mmoja alipotuma rambirambi kwa familia ya mchoraji, na mchoraji mwenyewe akazijibu kwa shukrani. Shangazi alizifuta zote. Kwa miaka mingi alikuwa amehariri karatasi za maelezo zinazotiwa ndani ya paketi za dawa, na huko alijifunza kuchukia neno linaloacha mwanya. Akaweka "Inaendelea", "Imekamilika", "Imesitishwa kwa muda" na "Haitaendelea". Msomaji akiuliza maana, alihesabu kosa ni lake, na hakutoka ofisini kabla ya kulirekebisha.

Mlinzi wa Ghala ilichorwa na Chokaa. Jina hilo lilimganda tangu enzi za kuandika mabango ya maduka, mikono ikiwa myeupe hadi viwikoni. Katuni yake ilihusu mlinzi anayeona vitu visivyopaswa kutoka vikitoka ghalani, na mwanzoni watu waliisoma kwa kicheko. Kisha maoni yakabadilika. Mmoja aliandika kwamba lango lile analijua. Mwingine akasema hata kutu yake anaijua.

Katikati ya Mei Chokaa alipita ofisini, begi begani, akasimama mlangoni.

"Shangazi, mama anaumwa. Nakwenda kumuuguza."

"Pole, mwanangu. Niweke imesitishwa?"

"Weka. Ila usiwatishe watu."

"Mimi niwatishe? Si wewe unayewachorea mlinzi asiyelala?"

Akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye ngazi. Shangazi alidhani anawahi basi.

Haukupita muda, swali likaingia kutoka kwa msomaji asiyejitaja. Lugha yake ilikuwa ya adabu. "Lebo yenu haieleweki. Mchoraji yupo au amesafiri?" Lilimchoma Shangazi panapouma. Akaandika upya: "Imesitishwa kwa muda. Mchoraji amesafiri." Msomaji akashukuru, akauliza tena: atarejea lini? Shangazi akampigia Chokaa, akapata siku, akaongeza: "Atarejea Jumatatu, 3 Juni." Anakumbuka kwamba Bosi, kijana aliyeanzisha tovuti, aliisifu lebo ile mbele ya wote. Bosi hakumbuki kuisifu.

Ijumaa likaja swali jingine. "Je, huwa anachorea nyumbani au hapo ofisini?"

Shangazi alilisoma, chai ikapoa mkononi. Hakuna msomaji anayehitaji kujua hilo ili afurahie katuni. Akayafungua na yale ya awali, akayasoma kwa mfululizo. Hakuna popote lilipoulizwa jambo la hadithi, wala yatakayompata mlinzi. Yote yalimfuata mtu.

Simu ya Chokaa haikupatikana. Akaenda kwa Bosi.

"Nataka kuiondoa ile siku."

"Shangazi, wasomaji wanaingoja Jumatatu kama mshahara."

"Na mmoja wao haingoji katuni. Hebu soma."

Bosi alisoma, akajikuna shingo. "Huenda ni shabiki tu."

"Huenda. Shabiki anayetaka kujua mtu analala wapi."

"Hajaandika analala."

"Na nyumbani anakochorea ni wapi, kama si pale anapolala?"

Shangazi hakungoja ruhusa. Alirudi kwenye meza yake akaandika "Haitaendelea", lebo ya kwanza ya uongo katika kazi yake yote, akitumaini itamkatisha tamaa anayevizia. Jibu lilimfikia kabla hajainuka kitini.

"Asante kwa ufafanuzi. Tarehe tunayo tayari."

Jumamosi alikwenda nyumba aliyopanga Chokaa. Mlango ulikuwa na kufuli. Mama mwenye nyumba alimpokea vizuri, akamwambia yeye si wa kwanza. Wamekuja mabwana wawili, watu wa heshima zao, wakauliza chumba ni kipi, wakaahidi kurudi. Shangazi alikwenda kutoa taarifa polisi, akaandikiwa maelezo, akaambiwa mtu aliyeko kwa mama yake hajapotea. Jumatatu alishinda kituo cha mabasi tangu asubuhi, akimtazama usoni kila aliyeshuka.

Mama yake Chokaa alieleza baadaye kwamba mwanawe alimuaga Jumapili jioni, akiwa na furaha, begi limejaa michoro mipya. Wale mabwana hawakuonekana tena kwenye nyumba aliyopanga, na msomaji yule hajauliza kitu tangu siku ile.

Bosi alitaka irudishwe "Imesitishwa kwa muda". Shangazi alikataa, kwa kuwa hajui kama ni kwa muda. Lebo iliyopo sasa ni yake: "Sura ya mwisho ilipokelewa Mei 2019. Hatujui mchoraji alipo."

Haijulikani Chokaa alishukia wapi. Haijulikani nani aliandika maswali yale. Haijulikani kama, akiwa njiani, aliifungua simu yake akasoma kwamba hadithi yake haitaendelea.