Maziwa ya Boga ya Nekesa

Nilimwahidi Dada Nekesa, asubuhi aliyoondoka nyumbani kwetu Sib, Oman, kwamba siku nitakapoweza kuandika jambo likasomwa na watu, nitaandika kuwa maziwa ya boga yanayosifiwa katika ukoo wetu ni yake. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Tangu hapo nimemaliza shule, nimemaliza chuo, nimeandika insha nyingi kuhusu haki na utu ambazo hazikusomwa na mtu ila walimu wangu, na ahadi ile moja sikuitimiza.

Kilichonikumbusha ni kikombe cha karatasi. Mdogo wangu Salma alirudi nacho kutoka mkahawa mmoja wa Khuwair ya Kusini, kimejaa kahawa yenye povu na harufu ya boga, na ubavuni kimechorwa jani jekundu la mti ambao haujapata kuota Maskati. Juu ya jani hilo mhudumu alikuwa ameandika kwa kalamu nene: Salma. Akaniambia kuwa hicho ndicho kinywaji cha msimu. Nikamuuliza ni msimu gani, naye akanitazama kwa ile huruma ambayo vijana wa leo huwawekea watu waliowazidi miaka sita. Kisha akasema, "Lakini la Bibi lilikuwa tamu zaidi. Hebu nifundishe boga la Bibi, nilifanye mwenyewe nyumbani."

Nilimwambia nitamwandikia. Nilipokaa kuandika, nikaona kuwa siwezi kuanza na maneno "boga la Bibi" bila kusema uongo kwa mara ya pili.

Sisi tuliokulia Sib kabla simu hazijafika mikononi mwa watoto tulikuwa na msimu wetu pia, ingawa hatukuupa jina. Ulianza siku baba alipozima viyoyozi. Miezi yote ya joto tuliishi ndani ya mngurumo wake hata tukausahau; halafu jioni moja nyumba ikanyamaza ghafla, madirisha yakafunguliwa kwa kelele za vyuma vilivyoshika vumbi, na tukasikia tena vitu tulivyokuwa tumevisahau: mbuzi wa jirani, muuza samaki akigombana na paka, adhana isiyopita kwenye kioo. Mama alitugawia vitambaa vyenye maji tufute nyavu za madirisha, na harufu ya vumbi lililolowa ndiyo iliyokuwa mwanzo wa mwaka kwetu. Tulirudi nje kucheza kibe na gololi hadi magoti yakawa na rangi ya mchanga. Baba alikuwa na onyo moja tu, na hakulibadilisha hata neno: "Magharibi ikikukuta nje, lala huko huko." Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala nje, lakini hakuna pia aliyethubutu kulipima onyo lile.

Ijumaa ya kwanza baada ya viyoyozi kuzimwa ilikuwa ya Bibi Zuwena, mama yake baba. Bibi alizaliwa Unguja na kuletwa Oman akiwa msichana. Kila mwaka, Ijumaa hiyo, aliwaita binti zake na jamaa wengine waje baada ya Alasiri wanywe maziwa ya boga kama yaliyonywewa kwao. Alilikata boga vipande, akalichemsha kwa maji, akaliponda, akatia maziwa, sukari na iliki. Lazima niseme kweli kwa sababu ndilo kusudi la maandishi haya: hayakuwa na ladha. Yalikuwa maji ya rangi ya machungwa yenye nyuzinyuzi zilizobaki menoni. Wageni waliyasifu, maana mama mzazi haambiwi vinginevyo, na sisi wajukuu tulitoka na vikombe vyetu uani kwa adabu, tukavimimina kwenye shina la mkomamanga. Mkomamanga ule ulinawiri kuliko miti yote ya mtaa.

Bibi peke yake ndiye aliyelalamika. Alionja, akaweka kikombe chini, akasema kila mwaka: "Silo lenyewe. La kwetu lilikuwa na kitu ndani yake. Maboga ya huku maji matupu."

Dada Nekesa alikuja nilipokuwa na miaka tisa. Alitoka Bungoma, Kenya, kupitia ofisi moja ya kuajiri wafanyakazi wa nyumbani, na mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili. Alikuwa msichana mrefu mwenye sauti ya chini, na Ijumaa moja katika kila mwezi aliruhusiwa kwenda kusali na wenzake Ruwi. Alikuwa ametimiza miezi miwili tu viyoyozi vilipozimwa, na Ijumaa ya Bibi ikaangukia ile Ijumaa yake. Hakwenda. Asubuhi alimkuta Bibi ameshika kisu mbele ya boga kubwa, akasimama akilitazama boga kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Mama, hii malenge ukichemsha inakufa," alisema. "Kwetu tunachoma."

"Choma utakavyo, mwanangu," Bibi akamjibu. "Mimi leo miguu yaniuma." Akaweka kisu, akaenda kulala.

Alichokifanya Dada Nekesa nilikiona chote, kwa kuwa mimi ndiye niliyepepea makaa. Aliwasha seredani uani, akalikata boga vipande vinne vikubwa bila kulimenya, akavilaza juu ya makaa maganda yakiwa chini. Akaviacha hadi maganda yakawa meusi kabisa na nyama ya ndani ikaanza kutoa maji matamu yaliyochemka na kunata pembeni. Hakuongeza tone la maji. Akaikwangua nyama ile kwa kijiko, ikatoka laini kama siagi, na harufu yake ilikuwa na moshi kidogo. Aliipitisha kwenye chujio ili nyuzi zibaki, akaichanganya na maziwa ya moto na kikombe cha tui zito, akatia asali ya tende badala ya sukari, iliki, mdalasini, kungumanga ya kukuna na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Akakoroga kwa moto mdogo bila kuacha ichemke. Anayetaka kuyafanya leo hahitaji seredani. Tanuri ya jikoni inatosha, mradi asiogope ganda jeusi. Alinipa kikombe cha kwanza nionje. Sikwenda kwenye mkomamanga.

Wageni walikuja. Kwetu maziwa yale yalinywewa kwa finjani kama kahawa, na kumimina ilikuwa kazi yetu watoto. Nilimimina, wakanywa, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyoikumbuka, wageni walininyooshea finjani niwaongeze. Shangazi Thuraya, binti mkubwa wa Bibi, mwanamke asiyejua kunong'ona, ndiye aliyeanza.

"Wallahi, Mama, leo umefanya nini?"

"Boga la leo zuri," Bibi akajibu, macho yake ndani ya finjani.

Shangazi akanigeukia mimi kwa kicheko. "We mtoto uliyekuwa jikoni, hebu sema kweli. Nani kapika?"

Dada Nekesa alikuwa ameingia wakati huo na sinia la tende. Niliwatazama yeye na Bibi. Sikutishwa wala sikuhongwa. Nilisema, "Bibi." Niliona tu kuwa hilo ndilo jibu lililotakiwa na chumba kile, nikalitoa. Dada Nekesa aliweka sinia chini, akarudi jikoni.

Haikupita muda Shangazi akaenda jikoni kutafuta maji, akarudi ameshika ganda la boga jeusi kwa ncha za vidole. Nyuma yake alifuata Dada Nekesa.

"Tazameni! Mama kasimama tangu asubuhi kapika, huyu kaunguza boga zima kalificha kwenye pipa. Nna hakika si mara ya kwanza. Mtu wa kuunguza vyakula tumweke wa nini? Kesho arudishwe ofisini, watupe mwengine."

"Sijaunguza, Auntie," alisema Dada Nekesa. "Nimechoma."

"Kuna tofauti gani?"

Dada Nekesa alinitazama mimi. Nilijua maana ya kurudishwa ofisini. Watoto wa nyumba zenye wafanyakazi huijua mapema. Nilijua pia kuwa neno langu moja lingemaliza jambo lote, na kwamba neno hilo lingemvunjia Bibi heshima mbele ya binti zake. Birika ilikuwa nzito mkononi mwangu. Sikusema kitu.

Aliyesema ni Bibi.

"Thuraya, kaa chini." Shangazi akakaa na ganda lake. "Boga hili sikulipika mimi, kalipika huyu. Na haya ya miaka yote nliyoyapika mimi hayakuwa na ladha, nanyi mkinisifu."

"Mama, jamani!"

"Usinambie jamani. Nnajua nani akiunywesha mkomamanga." Sisi wajukuu tuliinamisha vichwa. Bibi akaendelea kwa sauti ile ile, bila machozi, kama anayetoa ushahidi. "Mimi kwetu Unguja sikupata kuingia jikoni. Akipika Somoe, mpishi wetu, nami nikiletewa kikombe barazani. Nilijua kunywa tu, nikadhani nnajua kupika. Leo nimeonja, nimeuona uso wa Somoe. Nikalitafuta jina la baba yake nimwombee dua, sinalo. Kanilisha miaka kumi na mbili."

Bibi akapiga mkono kwenye mkeka karibu na goti lake. "Nekesa, njoo ukae hapa. We mtoto, mmiminie."

Nikammiminia. Lakini ipo desturi ambayo hakuna aliyefikiri kumweleza: mwenye kunywa kwa finjani huitikisa mkononi anapotosheka, na asipoitikisa, mmiminaji haachi wala haulizi. Dada Nekesa hakuwahi kukaa na wageni, na kwao kukataa kikombe kilichojazwa kwa amri ya mzee ni utovu wa adabu. Alikunywa. Nikamimina. Alikunywa tena. Kufika cha saba nilikuwa nikimimina kwa hofu, naye akinywa kwa hofu, kila mmoja akiheshimu adabu yake. Cha nane akaninong'oneza, "Kijana, wacha sasa, tumbo itapasuka."

Ni Shangazi Thuraya aliyeweka ganda chini, akamshika kiganja, akakitikisa pamoja na finjani yake. "Tikisa hivi, mwanangu. Usipotikisa huyu atakuua." Sebule nzima ikacheka, na Dada Nekesa akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike kwetu. Hakuna aliyetaja tena ofisi.

Yangelikwisha hapo kama lingekuwa jambo la Bibi peke yake. Bibi alisema. Mimi sikusema. Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye mkataba wa Dada Nekesa ulipokwisha, nilimbebea mfuko hadi langoni, nikamwambia kuwa siku ile nilidanganya. Alisimama, akaupokea mfuko.

"Na si najua? Ulinikana mchana, na maziwa yangu bado iko kwa mdomo yako." Kisha akanifinya shavu. "Sasa utafanya nini?"

Nikampa ile ahadi. Na kwa kuwa nilikuwa nimemsikia Bibi, nikamuuliza jina la baba yake. Alishangaa, akanitajia. Gari likaja. Baada ya hapo hatukupata habari zake. Nambari aliyotuachia haikuita.

Ajabu ni jinsi ukoo wetu ulivyorudi kwenye mazoea bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Maziwa tuliendelea kuyapika kwa njia yake, ganda jeusi na asali ya tende, na baada ya miaka miwili mitatu yakawa tena boga la Bibi. Bibi mwenyewe kila alipolisikia alisahihisha, "La Nekesa," na watu wakatabasamu, wakadhani ni uzee. Alifariki akiwa bado anasahihisha. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye, msomi wa chuo, nikitabasamu pamoja nao.

Siku hizi viyoyozi vyetu havizimwi. Vina akili, vinajipunguza vyenyewe, na hakuna jioni ambayo nyumba inanyamaza ghafla. Mkomamanga ulikatwa ili gari la pili lijengewe kibanda cha kivuli. Ijumaa wadogo zangu hukaa sebuleni kila mmoja na kikombe chake cha karatasi, na siwezi kusema kuwa wanakunywa kitu kibaya. Nimeonja, ni kitamu kuliko kile tulichoumiminia mti. Ninachokiona ni kwamba kila kikombe kina jina, na jina ni la mnywaji, si la aliyepika. Nilipotaka kuwacheka kwa hilo nilikumbuka kuwa hata sisi, tuliokunywa kwa finjani bila kuandika kitu, tulikuwa na kawaida hiyo hiyo. Tofauti ni kuwa wao wanaiandika wazi.

Jana nilimfundisha Salma. Aliunguza ganda vizuri, akalalamika kuhusu chujio, akamimina, akaonja, akaonja tena. Kisha akachukua simu apige picha, akauliza aandike nini chini yake. Nikamwambia. Akaandika kama nilivyomtajia.

Nawe msomaji ninakuomba hivyo hivyo. Yafanye nyumbani kwako, ni rahisi, na viambato vyote vimo humu. Anayekupikia jikoni mwite akae, mmiminie yeye kwanza, na umfundishe kutikisa finjani. Na ukiulizwa maziwa haya ni ya nani, tafadhali sema ni ya Nekesa binti Wafula, wa Bungoma.