Mgongo Wangu na Binti wa Mjomba

Mgongo wangu uliharibiwa na sanduku la Mjerumani. Nililibeba kutoka Kilwa mpaka boma la Songea, na hadi leo sijui mlikuwa na nini ndani. Vita vya Maji Maji vilipokwisha, maghala yetu yakiwa yamechomwa, wenzangu waliosalia walirudi mashambani, mimi nikabaki nimekaa mlangoni kama mtungi. Kila aliyepita alinipa pole, na kila pole ilinididimiza zaidi. Mbegu zilibaki kibaba kimoja. Nisipolima, mke wangu na wanangu watakufa njaa, na hilo nililijua vizuri.

Ndipo akaja binti wa mjomba. Kwetu mabinamu ni watani, na yule mwanamke hana adabu hata chembe.

"Shikamoo, babu!" akaniambia, nami sijafika hata miaka thelathini. Kisha akashika kiuno, akatembea ninavyotembea mimi, huku anaguna. Wanangu mwenyewe wakacheka! Nikapandwa na hasira, nikashika fimbo, nikamfukuza. Akawa anakimbia kidogo, ananisubiri, ananitukana, anakimbia tena. Nashtuka, tuko shambani.

"Si umeshafika?" akasema. "Haya, lima!"

Alikuja kila asubuhi, miaka nenda rudi. Maumivu hayakwisha, nisiwadanganye. Ila nikiwa namtafutia tusi la kumjibu, niliyasahau. Tusi likiisha, yanarudi.

Mwaka jana nyonga zake nazo zikagoma. Nilimkuta amelala, hataki chakula, hataki kuamka. Roho iliniuma, nikakosea. Nikamwambia, "Pole, dada."

Machozi yakamtoka. "Kumbe nakufa," akasema. "Mpaka wewe unanipa pole?"

Loo, nilijuta! Nampenda yule mwanamke, na nilikuwa nimemzika kwa neno moja. Nikajikaza kucheka.

"Ufe wewe? Kwa mdomo huo, hata wafu watakurudisha! Pole nawapa wanaokaa na wewe humu ndani."

Nikashika nyonga, nikaanza kutembea anavyotembea yeye, nikielekea mlangoni, nikiogopa asije akalia tena. Nyuma yangu nikasikia kitanda kinalia. Mara mwiko wa ugali ukanipata mgongoni, palepale penye ugonjwa.

Nikapiga yowe. Nilipogeuka, alikuwa amesimama, anatafuta mchi.