Mkuza Fuwele Aliyeshtushwa na Namba Yake Mwenyewe

Saa mbili asubuhi. Mama Fuwele, kama wenzake wa maabara wanavyomwita, anainamia bomba la kioo lililotoka kwenye tanuri. Kwa ncha ya unywele mmoja ananyanyua kipande chekundu, chembamba kuliko ganda la kitunguu.

"Ukikohoa tu, kazi ya siku tatu imekwenda na maji," ananong'ona.

Hiyo ni fuwele ya kemikali ya kaboni. Fundi huyu wa miaka 51 huikuza, kisha huitengenezea transista, swichi ndogo ya kuruhusu au kuzuia umeme. Halafu hupima chaji za umeme zinapita humo kwa kasi gani.

Mwaka jana fuwele zake zilitoa kasi ambayo maabara haikuwahi kuiona. Ripoti ikachapishwa, jina lake likiwemo kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya kazi. Mama yake mzazi aliibandika ukutani.

Kisha, Jumanne moja, alipima upya kwa nyaya nne badala ya mbili: mbili za kupitisha umeme, mbili za kupima tu ndani ya fuwele. Namba ikaporomoka hadi sehemu moja ya kumi.

"Nilidhani mashine imeharibika. Nikarudia mara saba. Namba ikawa ile ile," anasema. "Kumbe pale umeme unapoingilia kwenye fuwele palikuwa kama mlango uliokwama. Ukifunguka ghafla, umeme unafurika, sisi tunadhani chaji ndizo zinakimbia!"

Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alimwambia: "Mama watoto, si ungemezea tu? Nani angejua?"

"Mimi."

Kesho yake akampelekea Profesa, mkuu wa maabara, vipimo vyote saba. Profesa alivitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Dada, unajua unachoniambia?"

"Najua, Prof. Na jina langu limo."

Wiki mbili baadaye ripoti iliondolewa, kwa barua yenye sahihi zao wote wawili. Hadi leo Profesa akiongea juu ya mama huyu hushika kichwa.

"Wanafunzi wangu wanne walijenga tasnifu juu ya namba ile," anasema. "Wasomi chungu nzima, hakuna aliyeuliza. Kauliza yeye!"

Fuwele zake zimetumwa maabara nyingine sita, ambazo nazo zilizipima kwa nyaya mbili. Mwezi ujao anaanza kuzizungukia, moja baada ya nyingine, wapime upya pamoja.

"Watanichukia, najua," anasema akivaa glavu. "Lakini afadhali washtuke sasa, kabla mtu hajatengeneza kifaa cha kupimia moyo wa mgonjwa kwa namba ya uongo."