Siku Tulipogeuza Kabla ya Marangu

Juzi nikiwa Rau, pale Moshi, niliona ndege ndogo ikielekea mlimani, kisha ikageuka na kurudi. Hasira ya zamani ikanipanda.

Nilikuwa mtoto siku ambayo mama mdogo, aliyekuwa rubani, alinipakia kwenye ndege ya watu wawili. Tulitoka Arusha kwenda Moshi, ambako marubani wa ndege ndogo walikuwa wanakutana. Aliniahidi kwamba tukirudi tungezungukia Marangu kwanza, bibi atuone kutoka shambani.

Ndege zilikuwa nyingi mno. Tulizunguka juu ya mashamba ya Kahe tukisubiri zamu ya kutua, harufu ya petroli ikitujaa puani, sauti za marubani zikigombana redioni. Niliamini mama mdogo alikuwa anaogopa.

"Wenzako wanashuka!" nilimwambia. Akaendelea kuzunguka.

Mwishowe tulitua, na tuliporuhusiwa kuondoka tena, jioni ilikuwa imekaribia na wingu limefunika migomba yote ya Marangu. Aligeuza ndege.

"Pita humo humo, mama, ni ukungu tu!"

"Ndani ya huo ukungu kuna mlima, mwanangu."

Nilidhani ananidanganya, maana nilivyojua mimi, mlima ulikuwa juu kule kwenye theluji. Nilimgeuzia mgongo mpaka Arusha.

Kesho yake bibi alipiga simu.

"Nilisikia ndege yenu," aliniambia. "Nilisimama kwenye kahawa nikapunga kanga mpaka mkono ukauma. Mlikuwa wapi?"

Bibi alifariki kabla ya Krismasi. Leo najua mama mdogo alifanya sawa kugeuza, na bado inaniuma.