Mafuta Yaliyoganda Mapema

Zuleha wa Nkowe alikuwa amechoka kudhihakiwa na mafuta. Mafuta yenyewe ni ya maganda ya korosho, yale meusi yanayobabua ngozi, ambayo ukiyachemsha na dawa yake yanageuka utomvu mgumu wa kutengenezea gundi. Kazi yake chuoni Dar ilikuwa kuandika mlinganyo wa kasi ya mgeuko huo: molekuli zinashikana, minyororo inarefuka, mpaka kijiti hakikorogi tena. Ajabu, hesabu ikisema mchana, mafuta yanaganda asubuhi. Mwaka mzima! Msimamizi wake akamwambia akitoka likizo bila majibu yanayokubaliana na hesabu, abadili mada, aanze upya.

Akaja nyumbani na hasira zake. Alikwisha kulaumu kipimajoto, umeme wa maabara, hata aliyemfundisha hesabu. Maganda tu hakuyalaumu. Hayo alitumiwa kwa basi na mama yake, Bi Mwanaima, mbanguaji wa korosho, na rangi ya maganda ilipokolea Zuleha alisingizia jua. Kwenye mlinganyo akaandika mwanzo ni sifuri, yaani mshikano haujaanza. Nani atamshuku mama yake?

Asubuhi moja akamkuta uani, bati juu ya mafiga, maganda yanafuka moshi, gunia la kwenda chuoni liko pembeni. Bi Mwanaima akaeleza bila kugeuka kwamba anayapitisha motoni kidogo, kama siku zote, makali yapungue.

Kama siku zote! Moto ndio unaoanzisha mshikano. Kumbe mafuta yalifika Dar kazi imeshaanza, naye anaandika sifuri. Zuleha akauliza, sauti imepanda, si alisema tangu mwanzo atumiwe mabichi?

"Mabichi yatakuchuna," mama akasema, akamwonyesha viganja vyake vyenye mabaka, na vidole ambavyo hata mashine ya kusajili laini ya simu haivisomi. "Mimi mmoja natosha."

Hasira ikakosa pa kutua, na hilo likamuudhi zaidi. Msimu umekwisha, na maganda yote yaliyobaki yameshapita motoni. Ikabaki njia moja: ajue moto ulifanya kazi kiasi gani, aweke namba hiyo mahali pa sifuri. Akafungua kompyuta palepale uani.

"Mama, huwa unayaacha motoni muda gani?"

Bi Mwanaima akafikiri kwa dhati, maana aliona mwanawe anahitaji msaada.

"Mpaka roho yangu iridhike."